Maswali ya Makazi: Kodi imelipwa mbele, safari imeingia

Karibu barua zote tulizochagua toleo hili zimeandikwa kutoka Dodoma, na zinagusa jambo moja: kutoka kwenye nyumba ya kupanga kabla muda haujaisha. Mji huu una watumishi wanaohamishwa na wanafunzi wanaomaliza masomo katikati ya mkataba, na kodi hudaiwa miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima mbele. Anayehama huwa anadai hela ambayo tayari iko mkononi mwa mwenzake, na hapo ndipo ugumu ulipo.

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma. Nimepanga Ilazo, vyumba viwili na sebule, shilingi 250,000 kwa mwezi. Nililipa miezi sita, nimekaa miwili, sasa nimepata barua ya uhamisho kwenda Tabora. Mama mwenye nyumba anasema hela ikishalipwa hairudi. Mkataba wetu ni karatasi moja, hauna neno lolote kuhusu kuvunja. Je, miezi minne yote imepotea?

JIBU: Haijapotea yote, lakini huwezi kuidai yote leo. Tuanze na upande mchungu. Mkataba wenye tarehe ya mwisho unawafunga wote wawili hadi tarehe hiyo, isipokuwa kama wenyewe mliandika njia ya kutoka. Uhamisho ni jambo lako na mwajiri wako. Ukiondoka, kisheria wewe ndiye uliyevunja, na anayekuambia kwamba notisi ya mwezi mmoja inamaliza kila kitu anakudanganya.

Ila kuvunja mkataba si kupoteza kila kitu. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) kinampa aliyevunjiwa fidia ya hasara iliyompata, na katika kuipima hasara hiyo huangaliwa pia njia alizokuwa nazo za kuiepuka. Kwa nyumba ya kupanga maana yake ni hii: nyumba ikikaa tupu wiki mbili ndipo akaingia mpangaji mwingine kwa kodi ileile, hasara ni ya wiki mbili. Hana haki ya kula kodi mbili kwa nyumba moja, miezi ileile. Hata mkataba ungeandikwa "atakayevunja apoteze kodi yote", kifungu cha 74 kinakifanya kiasi hicho kuwa kikomo cha juu tu. Mahakama humpa mlalamikaji fidia inayolingana na hali, isiyozidi hapo.

Kwa hiyo hela yako inaanza kurudi siku nyumba inapopata mtu. Usimwachie mama mwenye nyumba kazi hiyo peke yake, maana yeye ameshalipwa na hana haraka.

Andika notisi leo, hata kama mmeshaongea kwa simu. Weka tarehe, mahali nyumba ilipo, tarehe mkataba ulipoanza na unapoisha, kiasi ulicholipa, siku utakayokabidhi funguo, na sentensi moja ya kuomba nyumba itangazwe kwa mpangaji mwingine na kodi ya muda usiotumika irejeshwe. Toa nakala mbili, asaini moja "nimepokea" na tarehe. Akikataa kusaini usigombane naye. Ipeleke ofisi ya serikali ya mtaa, akabidhiwe mbele ya mwenyekiti au mtendaji, na nakala yako igongwe mhuri. Kisha ipige picha umtumie kwa WhatsApp. Ujumbe wa simu unakubalika kama ushahidi, hasa tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kwa hiyo usiufute, na usibadili simu kabla hujahifadhi mazungumzo hayo.

Halafu tafuta mtu. Ilazo, Kisasa na Nzuguni huulizwa sana na wanaofanya kazi Mji wa Serikali Mtumba. Anza na wenzako ofisini, hasa wanaohamia Dodoma, kabla ya dalali. Ukimtumia dalali, mweleze mapema kwamba malipo yake, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, yatatoka kwa anayeingia. Wako madalali wanaodai pande zote mbili. Majira nayo yana uzito: kuelekea Bunge la bajeti mwezi Aprili mji hujaa, na vyuo vikifunguliwa kuanzia Oktoba nyumba zilizo karibu na UDOM hazikai tupu. Ukitoka Januari, jipe muda mrefu zaidi.

Hapa ndipo wapangaji wengi huharibu kesi nzuri. Wanampata mtu, wanachukua hela yake wenyewe, wanampa funguo, wanapanda basi. Kwa Sheria ya Ardhi (Sura ya 113) mpangaji haruhusiwi kumhamishia mwingine pango bila ridhaa ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba naye hatakiwi kuinyima ridhaa hiyo bila sababu ya maana. Ukiingiza mtu kimyakimya, umempa sababu ya kuwatoa wote wawili, na yule uliyemwingiza atakudai wewe. Mpeleke, wajuane, waandikishiane mkataba wao. Hela ya mgeni ipite kwa mama mwenye nyumba na yako itoke kwake siku hiyohiyo, mkiwa watatu mezani na karatasi imesainiwa.

Hesabu yako iwe hivi. Ulilipa 1,500,000. Umekaa miezi miwili, ongeza mmoja wa notisi utakaokuwa bado ndani: miezi mitatu imetumika, 750,000 imebaki. Mpangaji mpya akiingia nusu mwezi baada yako, toa 125,000. Kukiwa na uharibifu wako halisi, tuseme kitasa na rangi ya ukuta mmoja kwa 60,000, toa hiyo. Zinabaki 565,000. Usikubali kukatwa "hela ya kutafuta mpangaji" kama mpangaji umemleta wewe, wala kupaka nyumba nzima rangi kwa sababu tu imechakaa. Uchakavu wa kawaida wa kukaa ni wa mwenye nyumba.

Kwenye makabidhiano piga picha kila chumba mchana madirisha yakiwa wazi, dari, sinki, choo, na idadi ya funguo. Piga picha mita ya maji siku hiyo, kwa sababu ankara ya DUWASA huja baada ya matumizi na iko kwa jina la mwenye nyumba. Bila picha hiyo utalipia maji ya atakayekufuata. Upande wa LUKU, nyumba ya kawaida hukatwa 1,500 kwa mwezi ya kodi ya jengo, na miezi ambayo hakuna aliyenunua umeme deni hujikusanya. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kama hamkukubaliana vinginevyo, jumlisha ulizokatwa uziingize kwenye hesabu.

Akikataa kabisa, nenda serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi. Linasuluhisha tu, ndani ya siku 30, na likishindwa linatoa hati ya kwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa dai la laki tano tungekushauri upiganie suluhu mtaani, hata ukisamehe kidogo. Nauli za Tabora hadi Dodoma kuhudhuria shauri zitaimaliza hela hiyo kabla ya uamuzi.

SWALI: Tuko wawili, tunasoma UDOM, tumepanga chumba na sebule Ng'ong'ona. Hatuna mkataba wa maandishi, tunalipa kila mwezi. Tumemwambia baba mwenye nyumba tunatoka mwisho wa mwezi ujao, anasema lazima notisi ya miezi mitatu. Ni kweli?

JIBU: Hapana, labda kama mlikubaliana hivyo. Pango la mwaka mmoja au pungufu linaweza kuwa la mdomo na likawa halali. Pale ambapo hamkutaja muda wala notisi, Sheria ya Ardhi hulihesabu kuwa la kipindi kwa kipindi, na kipindi chenyewe ni kile cha kulipia kodi. Mnalipa kila mwezi, basi notisi haipungui mwezi mmoja, na iishie siku ya kulipa kodi. Kama siku yenu ni tarehe 5, notisi iliyotolewa tarehe 20 haiishi tarehe 20 ya mwezi unaofuata, inavuka hadi tarehe 5 inayofuata. Wengi hupoteza wiki mbili za kodi hapo.

Angalieni pia risiti au miamala ya simu. Anayelipa miezi mitatu mitatu kwa mkupuo anaweza kuambiwa kipindi chake ni miezi mitatu. Ndiyo maana risiti iandikwe "kodi ya mwezi, shilingi kadhaa, imelipwa kwa miezi mitatu kuanzia tarehe fulani", badala ya "kodi ya miezi mitatu" peke yake.

SWALI: Nyumba ninayopanga Nkuhungu iliingia maji mvua kubwa iliponyesha, yakafika vyumbani. Godoro na kabati vimeharibika, ukuta umepasuka. Nimelipa hadi Agosti. Mwenye nyumba anasema mvua ni ya Mungu.

JIBU: Pole sana. Mvua haikuletwa naye, lakini nyumba ni yake, na wajibu wa kuiweka katika hali ya kukalika na binadamu ni wake kwa muda wote wa pango, hata kama mkataba haukuandika. Sheria ya Ardhi inaweka wajibu huo ndani ya kila pango la makazi. Nyumba ikiharibiwa na mafuriko, dhoruba au moto usiotokana na uzembe wako, hata isikalike, kodi husimama, yote au sehemu inayolingana na vyumba visivyokalika, mpaka itengenezwe. Ikipita miezi sita bila kutengenezwa, unaweza kumaliza pango kwa notisi ya mwezi mmoja.

Usisubiri miezi sita ukiwa kwenye ukungu. Mwandikie sasa, taja vyumba vilivyoharibika, weka picha zenye alama ya maji ukutani, umpe tarehe ya kuanza matengenezo, na umwambie kodi imesimama tangu siku gani. Mwombe mwenyekiti wa mtaa afike aone na aandike. Ufa wa ukutani utumbukizie sarafu au uupime kwa rula na uupige picha, kisha rudia baada ya wiki mbili. Ukiwa unapanuka, hilo si suala la lipu tena, ni msingi, na usilale chumba hicho. Wenye nyumba wengi wakiona maandishi ya namna hii hukubali kuachana kwa amani na kurudisha miezi iliyobaki, na hiyo ndiyo njia tunayokushauri uitafute.

Godoro na kabati ni dai jingine, gumu zaidi. Ili ulipwe lazima uonyeshe kosa lake, kwa mfano alijua mfereji umeziba akauacha.

Tunaulizwa pia kama mgao wa maji ni sababu ya kuvunja. Mgao wa mji mzima si kosa lake. Akiwa alikuahidi simtanki kwenye mkataba na hakuliweka, hapo una hoja.

SWALI: Mimi ni mwenye nyumba, Miyuji. Mpangaji ameondoka usiku, funguo ameacha kwa jirani, kodi yake inaishia mwezi ujao. Ndani kuna friza na kitanda. Naweza kuingiza mtu mwingine?

JIBU: Usifungue peke yako. Mpigie na umwandikie ujumbe: ametoka moja kwa moja? Akijibu ndiyo, huo ndio uthibitisho wako. Asipojibu, mwite mjumbe na mtu wa serikali ya mtaa, fungueni pamoja, orodhesheni vitu, pigeni picha, mpe tarehe ya kuvichukua. Usiuze friza kufidia umeme au rangi kwa uamuzi wako. Ukiingiza mpangaji kabla kodi ya yule haijaisha, siku zitakazolipiwa mara mbili ni hela yake, hata kama ameondoka vibaya.

SWALI: Naanza kupanga Kisasa mwezi ujao, mwaka mzima. Niandike nini ili nisije kukwama?

JIBU: Omba kifungu hiki kiingie, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Upande wowote unaweza kumaliza mkataba huu kwa notisi ya maandishi ya siku 30. Mpangaji akimaliza kwa notisi, mwenye nyumba atarejesha kodi ya miezi isiyotumika ndani ya siku 14 tangu kukabidhiwa funguo, baada ya kukata gharama za uharibifu zilizokubaliwa kwenye fomu ya makabidhiano." Mwenye nyumba akisita kwa sababu hela atakuwa ameshaijengea, na mara nyingi ndivyo ilivyo, mkubalie urejeshaji mpangaji mpya akiingia, lakini muweke ukomo, tuseme siku 60. Bila ukomo kifungu hakina meno.

Ambatisha orodha ya hali ya nyumba siku ya kuingia, na namba za mita za LUKU na maji. Kisha mkataba ulipiwe ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa kodi ya 3,000,000 ni 30,000. Mkataba usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru huo na adhabu yake vilipwe, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kusaini nani atalipa.