Nilimfungia ndani, naye akanyamaza

Swali lenu la wiki liliuliza: je, vyuo vikuu viwafundishe wanafunzi stadi za kijamii na kihisia kama somo la lazima? Nilipolisoma nilijibu kwa sauti, peke yangu jikoni: hapana! Kujua kusema na watu ni kazi ya nyumbani. Mtu mzima wa miaka 19, kama hakufunzwa na mamaye, mhadhiri mwenye ukumbi uliojaa hadi madirishani atamfunza saa ngapi?

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ninapangisha vyumba 12 hapa Njoro, Kenya, na wapangaji wangu karibu wote ni wanafunzi. Wananiita Mwalimu. Jibu langu lingeishia hapo kama si yule kijana wa namba 7.

Alikuwa mwaka wa pili, mtu wa upande wa Busia, mpole, mwenye salamu. Mwezi mmoja kodi haikuja. Wa pili pia haikuja. Nikagundua anatoka kabla ya alfajiri na kurudi nikishalala. Simu inaita tu. Nimewahi kuamka nikakuta mpangaji amehama usiku na godoro lake, kwa hiyo Alhamisi moja asubuhi, nilipoona mlango umefungwa na ndara hazipo nje, nilichukua kufuli langu nikalitia kwenye komeo lake. Nikasema, leo akirudi atanitafuta mwenyewe.

Kumbe yumo ndani.

Alisikia kufuli likibana. Choo kiko nje, mfereji uko nje. Siku ile nilipita mbele ya mlango wake mara nne na ndoo za maji, nikaanika nguo kwenye kamba iliyo mbele ya dirisha lake, na nadhani nilikuwa nikiimba. Jioni ikaja mvua ya Njoro, ile inayopiga mabati hadi watu hamsikizani. Nikalala. Ijumaa asubuhi binti wa namba 8 akanijia: "Mwalimu, kuna mtu anakohoa namba saba, na kufuli liko nje."

Mkono wangu ulikosa tundu la ufunguo. Nilimkuta ameketi kitandani, amevaa viatu, begi mapajani. Nikamuuliza, mwanangu, mbona hukupiga kelele? Akasema, "Samahani, Mwalimu. Sikujua nianzie wapi."

Mkopo wake wa masomo ulikuwa umechelewa na baba yake alikuwa mgonjwa. Akanionyesha simu. Kulikuwa na ujumbe alioniandikia ambao hakuwahi kuutuma: "Mwalimu, naomba". Hakuna zaidi. Wiki tatu aliufungua na kuufunga.

Nyumbani kwao walimfunza adabu, tena sana. Walimfunza kutosumbua wakubwa. Hapo ndipo jibu langu la jikoni linapoanza kunishinda. Nasi walimu je? Somo la Stadi za Maisha lilikuwa kwenye ratiba, lakini halikutahiniwa. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa na alama 500 na hakuna hata moja iliyotoka huko, basi kipindi hicho nilikifundishia Hesabu, nikaona nawasaidia watoto. Kijana huyu alipitia madarasa kama yangu. Na mimi mwenyewe, mwenye miaka yangu yote, nilitafuta kufuli kabla ya kubisha hodi.

Kule Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Bibi! Kama wao walifunzika, siwezi kusema kijana wa miaka 19 amechelewa.

Basi somo na liwepo. Liwe muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza, kabla madeni hayajalundikana, katika vikundi vidogo, na kila mmoja atamke kwa mdomo wake: sina kodi, nimekosa mtihani, nimeachwa, sili vizuri. Sisi wenye ploti tuitwe pia. Msiniambie tungoje watoto wa CBC, mtaala mpya wa umahiri, ambao katika umahiri wao saba wamewekewa mawasiliano na ushirikiano. Wa kwanza wao wataingia chuoni mwaka 2029, na walio katika vyumba vyangu leo ni wa 8-4-4, mfumo wa zamani. Litahiniwe? Sitaki mtu apewe alama kwa kulia vizuri. Lakini najua kipindi kisicho na mtihani huliwa, maana nilikila mimi. Hapo sina jibu.

Namba 7 bado anakaa kwangu, yuko mwaka wa nne. Kila tarehe 5 hubisha mlango wangu, hata akiwa hana kitu, tukaongea. Ningependa kuamini ni mazungumzo yetu yaliyomfunza. Lakini huenda ni ile siku ya kufuli, na jambo hilo sijathubutu kumuuliza.