Kwa wakalimani wapya Minnesota: kumsaidia mzee na hati ya matibabu

Ukiitwa kukalimani mzee anapojaza hati ya maelekezo ya matibabu (health care directive: karatasi inayosema atibiwe vipi na nani amsemee asipoweza kusema mwenyewe), mwombe muuguzi asianze na fomu. Mzee akiulizwa kwanza habari za mashine ya kupumulia, ataona anachuriwa. Akiulizwa, "Siku usipoweza kusema, nani azungumze na daktari kwa niaba yako?" hapo maongezi yanafunguka.

Wengi humtaja kifungua mimba, hata kama yuko Bukavu au Mombasa. Heshima ni sawa, lakini daktari wa zamu anataka jibu saa tisa usiku. Wakala, yaani huyo wa kumsemea mzee, awe mtu anayepokea simu, na awepo wa akiba. Wakubwa wa nyumbani wanaweza kuandikwa kuwa waombwe ushauri. Mke akiteuliwa, kisha wakatalikiana, uteuzi wake unakufa isipokuwa hati imesema vinginevyo.

Sheria ya jimbo, sura ya 145C, haina mambo mengi: mwenye hati awe na miaka 18 au zaidi na akili timamu, iwe ya maandishi, yenye jina, tarehe na sahihi yake, sahihi ithibitishwe na notari (mthibitishaji rasmi wa sahihi) au mashahidi wawili. Wakili si lazima. Panapoharibika ni kwa mashahidi. Binti aliyeteuliwa wakala hawezi kuwa shahidi wala notari wa hati hiyo, na angalau shahidi mmoja asiwe mtoa huduma za afya anayemhudumia mgonjwa siku ya kutia sahihi wala mwajiriwa wake. Nawe usitie sahihi ya ushahidi, hata wakikubembeleza.

Mkifika kwenye kushindiliwa kifua moyo unaposimama (CPR), mwombe muuguzi aeleze kwa mikono. Kifua hubonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi, na mbavu za mzee mara nyingi huvunjika. Asipoelezwa hayo, mzee huitikia "ndiyo" akidhani ni sindano ya kumwamsha.

Hati ikishasainiwa isifichwe sandukuni na karatasi za uhamiaji: nakala iingie faili la hospitali, nyingine apewe wakala, nyingine daktari wake wa kawaida. Ila wahudumu wa ambulensi hawafuati hati hii. Wao hutazama fomu ya POLST, ambayo ni agizo la tiba lenye sahihi ya daktari au mtaalamu mwingine wa tiba, kwa aliye dhoofu au mgonjwa sana. Hiyo ndiyo ya kubandikwa kwenye mlango wa friji.