Mchoro ufike kwenye slaidi ukiwa bado unarekebishika

Michoro mingi ninayochora hapa Kigoma huishia kwenye slaidi za mtu mwingine. Afisa uvuvi anaipeleka kwenye semina Kibirizi, mwalimu wa jiografia anaionyesha darasani Ujiji, na mwingine anavuka nayo mpaka Bujumbura. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, kwa hiyo samaki niliyemwandika dagaa ataandikwa ndagala Burundi na kapenta akifika Mpulungu, kusini mwa ziwa upande wa Zambia. Ukimpa mwenzako mchoro uliogandishwa kuwa picha, hana pa kushika. Atafunika neno lako kwa kiboksi cheupe na kuandika lake juu, na kazi yote itaonekana imebandikwa viraka.

Ninachorea Inkscape, programu ya bure, na ninahifadhi kwa SVG. Faili ya namna hii haibebi vitone vya rangi, inabeba maelezo ya mistari na maumbo: anzia hapa, pinda hivi, jaza bluu. Ndiyo maana ukiukuza kwenye ukuta mzima kwa projekta haupati ukungu. Lakini kutopata ukungu ni jambo moja na kurekebishika ni lingine, na watu wengi wanayachanganya haya mawili. SVG iliyoingizwa kwenye slaidi bado inahesabiwa kuwa picha moja mpaka uivunje.

Kwenye PowerPoint za kuanzia 2019 na kuendelea, zile zinazopokea SVG, ingiza faili kama unavyoingiza picha yoyote, ibofye, kisha kwenye kichupo cha michoro kinachojitokeza juu chagua Convert to Shape. Baada ya hapo bonyeza Ctrl+Shift+G kutenganisha kundi, na urudie kama kuna makundi ndani ya makundi. Sasa kila samaki na kila mshale ni umbo linalojitegemea. Kwa kompyuta yenye PowerPoint ya zamani, na ofisini bado zipo nyingi, hifadhi mchoro kwa EMF, aina nyingine ya faili ya mistari na maumbo, badala ya SVG. Uingize, bonyeza Ctrl+Shift+G, programu itauliza kama unataka uwe mchoro wa Office, kubali, kisha tenganisha tena. Mara nyingi utakuta mstatili usioonekana umezunguka mchoro mzima. Ufute, la sivyo utakuwa unaukamata huo kila ukibofya.

Wa LibreOffice Impress, programu nyingine ya slaidi, wana njia fupi: ingiza SVG, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Break.

Hizo hatua ni rahisi na mtu yeyote atakuelekeza. Kazi yenyewe iko nyuma yake, kwenye namna ulivyouchora mchoro kabla haujatoka Inkscape. Nichukue mchoro ninaoombwa mara nyingi kuliko yote, ule wa ziwa lililokatwa ubavuni kuonyesha kina. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi pale palipozama zaidi, lakini oksijeni ipo kwenye tabaka la juu tu, kiasi cha mita 100 upande wetu wa kaskazini na kama 200 kusini. Chini ya hapo samaki hawaishi. Mvuvi akiona hilo kwa macho anaelewa mara moja kwa nini dagaa na migebuka wote wako kwenye utando mwembamba wa juu, na kwa nini utando huo ukivuliwa kupita kiasi hakuna akiba iliyofichika chini.

Kishawishi ni kupaka maji rangi inayofifia taratibu kutoka bluu hafifu hadi nyeusi. Kwenye Inkscape inapendeza mno. Ikipita kwenye EMF, ule mfifio unaweza kuvunjika ukawa vipande vingi vyembamba, na mwenzako akitaka kubadilisha rangi ya maji atakesha. Ukungu na vivuli ndiyo kabisa, hivyo hugeuka kuwa picha ya vitone au hupotea. Mimi natumia tabaka tatu za rangi moja moja: juu penye hewa, katikati inapopungua, chini pasipo na hewa. Mtu akitaka kuhamisha mpaka wa oksijeni kwa ajili ya wasikilizaji wa Mpulungu, anavuta umbo moja. Na kwa maoni yangu mchoro husomeka vizuri zaidi hivyo, maana hakuna mtu aliyekaa kiti cha nyuma anayeweza kusoma kina kwenye rangi inayofifia.

Mitumbwi yenye taa juu ya maji huwa nachora mmoja, kisha naizalisha kwa kloni ili nikirekebisha taa ya wa kwanza, zote zifuate. Kabla ya kuhamisha, kloni zote zifunguliwe kwa Shift+Alt+D. Zikienda zimefungwa, programu nyingine inaweza isizielewe. Mahali ulipoficha sehemu ya umbo kwa kukata kwa barakoa, likate umbo lenyewe kabisa kwa amri za kuunganisha na kutoa njia, yaani mistari inayounda umbo, maana barakoa haziaminiki safarini.

Maandishi ndiyo yanayoumiza watu zaidi. Ukiandika kwenye Inkscape, bofya mara moja na uanze kuandika. Usiburute kiboksi kwanza. Maandishi ya ndani ya kiboksi hicho ni ya Inkscape zaidi kuliko ya SVG, na kwenye programu nyingine yanaweza kutokea kama mstatili mweusi mtupu. Kila lebo iwe mstari mmoja mfupi. Usivute nafasi kati ya herufi moja moja kwa mkono, kwa sababu neno linaweza kufika limekatika: "Mige" huku, "buka" kule, na wa kulisahihisha lazima alifute aandike upya. Jina la ziwa lililopindishwa kufuata ufukwe lina shida hiyohiyo, hivyo liweke limenyooka. Tumia fonti ya kawaida kama Arial. Kompyuta isiyo na Arial mara nyingi huwa na Liberation Sans, yenye vipimo vilevile, na lebo zitakaa palepale.

Utasikia ushauri wa kugeuza maandishi yote kuwa njia ili fonti isiharibike. Kwa nembo sawa. Kwa mchoro wa kufundishia naukataa kabisa, kwa sababu "dagaa" litakuwa maumbo matano yasiyoandikika, na tumerudi kwenye kiboksi cheupe.

Ukishatenganisha kwenye slaidi, panga upya makundi: samaki peke yao, lebo peke yao, tabaka za maji peke yake. Kwenye PowerPoint, Alt+F10 hufungua orodha ya vitu vyote vya slaidi, vipe majina ya Kiswahili yanayoeleweka. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, isiwe kama picha, na uambatanishe SVG ya asili pamoja na slaidi. Kisha mpigie uliyemtumia, mwambie abofye neno moja na kulibadilisha wakati bado mko kwenye simu.