Vim: kwa nini db huacha herufi moja na dj hufuta mistari miwili

Mkuu, umeuliza kwa nini ukisimama mwisho wa neno na kuandika `db` herufi ya mwisho inabaki, na kwa nini `dj` inakufutia mistari miwili ilhali ulitaka mmoja. Vim yako, hicho kihariri cha maandishi, ni nzima, usihangaike kuisakinisha upya. Maswali yako yote mawili yana mzizi mmoja.

Kitufe cha `d` peke yake hakijui kifute nini. Kinasubiri ukionyeshe kishale kinakwenda wapi, halafu kinafuta kuanzia uliposimama hadi unapofika. Hapo ndipo wengi tunaishia kujifunza. Kumbe kila mwendo, yaani amri inayosogeza kishale kama `b` au `j`, una tabia yake: upo unaobeba na herufi ya ukomo, upo unaoiacha, na upo usiojali herufi kabisa, unaobeba mistari mizima.

Chukua mstari huu, kishale kikiwa juu ya 1:

`bei = (1200 + kodi) * idadi`

Ukiandika `dt)` (futa hadi kabla ya mabano ya kufunga) unabaki na `bei = () * idadi`. Ukiandika `df)` (futa pamoja na mabano hayo) unabaki na `bei = ( * idadi`, mabano ya kufunga yamekwenda. Ni tofauti ya kitufe kimoja tu, lakini ya kwanza inabaki na mabano yaliyofungwa na ya pili inabaki na mabano yaliyo wazi.

Sasa `db`. Mwendo wa `b`, unaorudi mwanzo wa neno, ni wa kundi linaloacha herufi iliyo mwisho wa kipande. Ukirudi nyuma, mwisho wa kipande ni pale pale uliposimama. Ndiyo maana ukiwa juu ya a ya mwisho ya "mshahara", yote yanafutika na hiyo a inabaki. Dawa ni `daw` au `diw`, ambazo hufuta neno zima na hazijali umesimama herufi ya ngapi. Ukitaka kubaki na `b`, andika `dvb`: ile `v` katikati inageuza tabia ya mwendo, na herufi uliyoisimamia inafutwa pia.

Kuhusu `dj`, hilo limeniuma mwenyewe. Usiku mmoja nilikuwa nimeingia kwenye seva ya mteja, nahariri faili la mipangilio la seva ya wavuti. Nilitaka kuondoa mistari miwili, nikaandika `d2j`. Ikaondoka mitatu, na wa tatu ulikuwa na mabano ya kufunga sehemu nzima. Sikuangalia, nikahifadhi, nikawasha upya huduma, ikakataa kuwaka. Nilitafuta kosa karibu saa nzima nikisoma mistari iliyopo, wakati tatizo lilikuwa kwenye mstari usiokuwepo. `j` hushuka mstari, nao ni mwendo wa mistari mizima: inabeba mstari ulioanzia na ule unaofikia. Kwa hiyo mistari miwili ni `2dd` au `dj`. Tangu siku ile, kwenye seva natumia `dd` (futa mstari) na hesabu yake, au nachagua mistari kwanza kwa `V` nione kwa macho kinachokwenda kufutwa.

Alama nazo, yaani sehemu unazotia alama ili uzirudie baadaye, zina mtego huo huo. Ukiweka alama kwa `ma`, `d'a` inafuta mistari mizima hadi ule wenye alama, lakini ``d`a`` inafuta kuanzia herufi uliyopo na kuishia kabla ya herufi yenye alama. Kwenye skrini ya simu hizo alama mbili, ' na `, zinafanana mno, ziangalie vizuri.

Kuna mahali ambapo Vim inakurekebishia kimya kimya. Ukiwa mwanzo wa aya, `d}` inafuta mistari yote ya aya na kuuacha ule mtupu unaofuata, ingawa `}` inakipeleka kishale hadi kwenye mstari huo mtupu. Ukianzia katikati ya mstari, kile kilicho nyuma ya kishale kinabaki. Vilevile `dw` (futa hadi neno linalofuata) kwenye neno la mwisho la mstari haikuungii mstari wa chini. Na `cw` (badilisha neno) ukiwa ndani ya neno inafanya kazi ya `ce` (badilisha hadi mwisho wa neno), haigusi nafasi inayofuata.

Andika `:help exclusive` ndani ya Vim yako, maelezo yote yapo hapo na hayahitaji intaneti. Na ikifutika zaidi ya ulivyotaka, bonyeza `u` kutengua kabla hujahifadhi.