Usinunue Kisu cha Mfukoni kwa Makali Yake

Kijana mmoja wa Busia, tanboi (msaidizi wa dereva wa lori), kaniandikia wiki hii: "Kaka dereva, nina elfu hamsini, nataka kisu cha kukunja cha kutembea nacho. Ninunue kipi?" Leo nitajibu kwa kirefu, maana kila ninayemjibu kwa ufupi anarudi na picha ya kisu chenye fuvu la kichwa kwenye mpini na kuniuliza kama amepatia.

Makali yasikushughulishe. Makali ni kazi yako wewe na kinoo, jioni, ukisubiri chakula kiive. Kisu butu kinanoleka. Kisu ambacho kiungo chake kinacheza, pale bapa linapoingia kwenye mpini, hakina dawa. Kwa hiyo acha kunyoa malaika ya mkono mbele ya muuzaji. Angalia kiungo, angalia kufuli, yaani kile kinachozuia bapa lisijikunje ukiwa kazini.

Mimi nina sababu ya kushikilia hapo. Kidole changu cha shahada, mkono wa kulia, hakikunjiki kikafika mwisho. Nilikuwa tanboi njia ya Malaba hadi Elegu, tumebeba unga, na alfajiri moja tulikuwa tunafungua turubali. Kamba zilikuwa zimelowa umande, mafundo yamekaza. Bosi alikuwa amenunua visu vya jumla, vyeusi, vizuri kwa macho, kila gari kimoja. Nikapenyeza ncha chini ya fundo nikasukuma. Ndani ya mpini kulikuwa na kibati chembamba ambacho kazi yake ni kuruka nyuma ya bapa na kulizuia lisirudi. Kibati kikateleza. Nilisikia mlio mdogo, "tik", halafu nikaona bapa limejikunja likasimama kwenye mfupa. Uchungu ulikuja baadaye.

Bosi alipopigiwa simu, swali lake la kwanza lilikuwa kama damu imefika kwenye magunia. Nyuzi za kushonwa nilizilipa mwenyewe, na siku ambazo sikufanya kazi alizikata. Simtaji jina. Ana magari mengi sasa kuliko wakati ule, na akinikuta kwenye foleni ya forodha ananipungia mkono kwa furaha kabisa. Mimi namwitikia kwa mkono wa kushoto.

Ndiyo maana nasema, kijana, ukifika soko la Owino au kwenye duka la vifaa Kikuubo, kule Kampala, usikubali kuharakishwa. Muuzaji atakwambia, "Ssebo, hiki orijino," hata kabla hujakigusa. Kichukue, kifungue chote, kisha shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa vidole vya mkono mwingine, ulisukume kushoto na kulia, halafu juu na chini. Likitikisika kama mlango wa teksi iliyochoka, kirudishe. Kisha weka vidole vyote mbali na njia ya bapa, gonga mgongo wake kidogo kwenye ubao, taratibu tu. Kufuli nzuri haishtuki. Kama ni kile cha kibati, chungulia kimekaa wapi: kinatakiwa kiguse sehemu ya mwanzo ya kitako cha bapa, ili kibaki na nafasi ya kusogea kadiri chuma kinavyolika. Kikiwa kipya na tayari kimevuka hadi upande wa pili, hakina maisha. Na kiwe kinene. Kibati unachoweza kukipinda kwa ukucha, ndugu yangu, ndicho kilichonipinda mimi.

Kisha kikunje ukichungulie kwenye mwanga. Ncha izame ndani ya mpini, tena katikati. Ncha iliyochomoza hata kidogo itakutoboa siku unapotafuta chenji.

Sasa majina. Wazee wengi wa kwetu walitembea na okapi, baba yangu mmoja wao, kile cha mpini wa mbao chenye pete mgongoni ya kuvutia kufuli. Kina historia inayotuhusu. Okapi mwenyewe, yule mnyama aliyekipa jina, ni jirani, yuko msitu wa Ituri, Kongo, ng'ambo ya mto Semliki, na aliyepeleka ngozi na mafuvu yake London ni Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Uingereza hapa Uganda. Wanasayansi wakamtambua mwaka 1901. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaanza kutengeneza kisu chenye jina hilo kwa ajili ya makoloni Afrika. Siku hizi kinatoka Afrika Kusini. Chuma chake ni kile cha zamani kinachoshika kutu, lakini kinanoleka hata kwenye kitako cha kikombe, ule mzunguko usiopakwa rangi. Ukimenyea matoke kinageuka cheusi, na hilo si ugonjwa. Kifute tu, ukikaushe. Kasoro yake ni kwamba vingine vinacheza tangu dukani, kwa hiyo fanya jaribio lile lile.

Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890, ndiyo ninayoipenda kwa chakula. Shingoni ina pete ya chuma inayozungushwa kufunga bapa, waliyoiongeza mwaka 1955, na kwa maoni yangu hakuna kufuli rahisi kuielewa kuliko hiyo: unaiona imefunga au haijafunga. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5, inatosha nanasi la Luwero na inatosha kamba. Ila mpini ni mbao tupu. Ukinyeshewa nao unavimba, bapa linagoma kutoka, na utabaki umekikodolea macho chakula chako.

Victorinox nyekundu, ile ya Uswisi, kila mtu anaitaka kwa sababu ya bisibisi na kifungua chupa. Ni kisu kizuri na chuma chake hakishiki kutu kirahisi. Lakini ile ya kawaida ya mfukoni haina kufuli, ina springi tu. Kwa karatasi, kwa embe, kwa kuchuna waya, sawa. Usiitumie kusukuma ncha ndani ya kitu kigumu. Za bandia zimejaa, nyekundu na msalaba mweupe vile vile. Funua bapa kubwa usome kwenye kitako chake, na kama maandishi yamefifia au herufi zimekosewa, hicho ni cha mtu mwingine.

Hivyo vya Kichina vyenye skrubu sivitukani. Vingine ni imara kuliko bei yake, na ninachotembea nacho sasa ni kimojawapo: kibati kinene, kitufe cha kusukuma kwa kidole gumba, kinafunguka kwa mkono mmoja. Pale Iganga, mwezi uliopita, mkanda wa gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, wa mama mmoja ulijizungusha kwenye mnyororo wa boda ikaanza kumvuta nyuma. Dereva wa boda anapiga kelele, watu wanapiga kelele. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya maji kwa mkono mmoja, na mwingine ulitosha. Mkanda ulikatika kabla chupa haijamwagika. Makofi nilipigiwa, sitajifanya sikuyasikia. Skrubu zake zina tundu la nyota, na zikilegea wapelekee mafundi wa simu, wao wanazo bisibisi hizo ndogo.

Chenye meno nusu ya bapa usinunue. Meno hayanoleki kwa kinoo chetu, yakiisha yameisha. Chenye bapa refu kupita upana wa kiganja pia usinunue, utaogopesha watu na hutakata zaidi. Mlangoni mwa maduka makubwa ya Kampala toa kisu mwenyewe kabla mashine haijalia, mwachie askari, na uangalie anakiweka wapi. Mimi mlango mmoja nilirudishiwa kisu kingine kabisa, chakavu, na askari akaapa kwamba ndicho nilichoingia nacho. Ukipanda ndege Entebbe, kiwe ndani ya mzigo unaokabidhiwa, kisiwe kwenye begi la mkononi.

Vijana mnapenda kuniambia, "Kaka, ni kisu tu." Mnanunua simu ya laki nane na kuivalisha kava, halafu kitu kitakachokaa kati ya vidole vyenu na kamba ya tani kumi mnakiokota kwenye gunia la vitu vya buku mbilimbili. Bosi hatakununulia kidole. Ukipewa kisu cha gari, kigonge mgongo kwenye ubao kabla ya kukitumia, na kikishtuka kirudishe mbele ya watu ili asije akasema hukumwambia.

Kwa huyo wa Busia: kwa elfu hamsini usihangaike na Victorinox, utauziwa bandia. Tafuta okapi isiyocheza, au cha skrubu chenye kibati kinene, na pesa itakayobaki nunua kinoo cha pande mbili na kichupa cha mafuta ya cherehani. Ukikata nanasi, kioshe kiungoni kwa maji ya uvuguvugu, kikaushe kikiwa wazi, tia tone moja pale bapa linapozungukia. Mafuta ya kupikia usiweke, yanaganda na kushika vumbi hadi kufuli ishindwe kufika mahali pake.