Roketi za maji: wengi wenu mna ugonjwa wa presha

Maswali ya wasomaji safari hii ni mengi kuliko kawaida. Kwa mgeni: roketi ya maji ni chupa ya soda iliyotiwa maji kidogo na kupampiwa hewa, ukiifyatua hewa inayasukuma maji nje na chupa inaruka. Ukiyachambua maswali hayo, nusu yake ni swali moja lililobadilishwa nguo: nipandishe presha mpaka wapi? Nimechagua machache. Wengine mtajikuta humu hata kama hamkutajwa.

Fundi, roketi yangu hairuki vizuri. Tatizo ni nini?

Ndugu yangu, ukienda kwa daktari ukamwambia "naumwa" kisha ukanyamaza, atakuandikia dawa gani? Chupa ni ya ujazo gani? Umetia maji kiasi gani? Geji, yaani kipimo cha presha kwenye pampu, ilisoma ngapi? Na hiyo "hairuki vizuri" ndiyo ipi: imepinda, imejizungusha, au haikuondoka kabisa? Niandikie tena ukiwa na majibu hayo. Na wewe uliyeandika "nimejaza 80", uniambie ni 80 za nini. Paundi 80 kwa inchi ya mraba ni kama baa 5 na nusu (baa moja ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka). Zingekuwa baa 80, usingekuwa na mkono wa kuniandikia.

Maji yawe kiasi gani?

Robo ya chupa, ukizidisha sana theluthi. Kwa chupa ya lita 2 ni nusu lita hivi.

Swali hili linarudi kila mara, basi leo nieleze na sababu. Nishati yote imo kwenye hewa uliyoibana. Maji hayana nguvu yoyote ya kwao. Kazi yake ni kuwa kitu kizito cha kutupwa nyuma ili chupa isukumwe mbele, kama Newton alivyoandika mwaka 1687. Ukijaza maji hadi karibu na juu, nafasi ya hewa inakuwa finyu. Hewa hiyo inaishiwa nguvu maji yakiwa hayajaisha, na roketi inapanda ikiwa imebeba mzigo wa bure. Ukiacha hewa tupu, chupa itaruka, lakini hewa ni nyepesi mno, kwa hiyo msukumo unakwisha upesi na kimo kinakuwa cha kukatisha tamaa.

Msinitumie maswali ya mililita. Kati ya robo na theluthi tofauti ni ndogo kuliko ile inayoletwa na pezi moja lililobandikwa upande.

Nikitia sabuni kwenye maji?

Matone machache yanaleta povu, na povu linarefusha msukumo kidogo. Pia linakulowesha. Chumvi iache jikoni.

Chupa inahimili presha gani? Kuna jamaa anasema amefika baa 10 bila tatizo.

Hili ndilo swali lenyewe. Huyo jamaa hajasema amerudia mara ngapi, wala chupa ilikuwa na umri gani.

Soda iliyofungwa, ikiwa kwenye joto la kawaida, tayari inaisukuma chupa kwa baa 3 hadi 4 hivi. Waliobuni chupa waliweka akiba juu ya hapo, kwa sababu soda huachwa juani na kuangushwa sakafuni. Ndiyo maana chupa mpya ya lita 2, isiyo na mkwaruzo, kwa kawaida hupasuka ikiwa imeshavuka baa 10. Lakini ya kwako si mpya. Imeviringishwa mchangani, imepigwa msasa ili gundi ishike, imekaa juani na imetua kwa kichwa mara saba. Kila unapoipampu inanyooka kidogo, na hairudi sawasawa. Ukiona mistari myeupe kwenye plastiki au kitako kimeanza kutuna, hiyo chupa imekufa, itupe. Mimi ya kwangu huistaafisha baada ya mirusho 10 hata ikionekana nzima.

Anayeanza abaki kwenye baa 4. Aliyekwisha kuipima chupa yake anaweza kwenda 6. Kupima ni hivi: ijaze maji mpaka juu kabisa, pasibaki hata kiputo, kisha ipampu kufikia mara moja na nusu ya presha unayokusudia. Maji hayabanwi kirahisi, kwa hiyo ikipasuka inachanika na kukumwagia maji tu. Ikipasuka ikiwa na hewa ni habari nyingine. Lita moja na nusu ya hewa kwenye baa 4 imehifadhi nishati ya jouli mia kadhaa, inayokaribia ile ya kunyanyua mfuko wa saruji wa kilo 50 mita moja. Fikiria hiyo yote ikitoka kwa mkupuo mmoja karibu na uso wa mtoto.

Tena faida mnayoikimbilia ni ndogo kuliko mnavyodhani. Kwenye baa 4 maji yanatoka kwa takriban mita 28 kwa sekunde. Kwenye baa 8 hayatoki kwa 56, yanatoka kwa 40. Wakati huohuo ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendokasi, na chupa tupu ni jitu nyepesi lenye tumbo pana. Hewa inaipiga breki vibaya sana. Mtu mwenye mapezi yaliyonyooka na baa 4 atampita mwenye baa 8 na mapezi ya kadibodi iliyolowa. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na mwenye baa 8 huwa anasema upepo ulimwonea.

Chupa ya maji ya kunywa inafaa?

Hapana. Ni nyembamba na haikuundwa kubeba gesi. Tafuta ya soda, yenye kitako cha vidole vitano.

Fundi, yangu inapanda mita chache halafu inapinduka kama samaki aliyevuliwa. Nimeongeza presha lakini wapi.

Umeongeza presha! Nilijua.

Roketi inapinduka kwa sababu uzito wake uko nyuma. Kuna sehemu mbili za kuzijua. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, pale chupa (bila maji) inapotulia ukiilaza juu ya kidole. Ya pili ni mahali ambapo msukumo wa hewa ya pembeni unakusanyika. Ili kuipata hiyo, kata kadibodi yenye umbo la roketi nzima ikitazamwa ubavuni, mapezi yakiwemo, na utafute inapotulia kidoleni. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele, karibu na pua, kikipita kile cha hewa kwa angalau kipenyo kimoja cha chupa. Kama sivyo, ongeza uzito puani au ongeza mapezi nyuma.

Udongo wa kufinyangia kiasi cha gramu 50 puani huwatisha watu kwa sababu wanaamini nyepesi ndiyo inayokwenda juu. Jaribu kurusha jiwe, kisha urushe karatasi iliyofinywa. Chupa nyepesi mno inaanza kwa kishindo na kusimamishwa na hewa papo hapo.

Kabla ya kutia hata tone la maji, funga uzi kwenye kitovu cha uzito uizungushe kichwani kama kombeo. Pua ikitangulia, iko tayari. Ikitangulia mkia au ikiyumbayumba, rudi mezani.

Na mapezi msiyabandike kwenye chupa yenye presha kwa gundi ya moto. Plastiki hiyo huanza kulegea ikifika nyuzi 70 na kitu, na gundi ya moto inapita hapo kwa mbali. Kata kipande cha katikati cha chupa nyingine, bandika mapezi huko, kisha kivishe kama sketi. Matatu yanatosha.

Nimetengeneza kirushio kwa bomba la PVC lenye urefu wa mita 2, linatunza hewa nyingi zaidi. Maoni yako?

Lifungue leo.

Najua bomba la nusu inchi linaingia kwenye shingo ya chupa kana kwamba viliumbwa pamoja: kipenyo chake cha nje ni milimita 21 na kidogo, na tundu la shingo linakaribia 22. Ndiyo sababu kila mtu analitumia. Lakini presha iliyoandikwa ubavuni mwa bomba ni ya maji. PVC ikishindwa na hewa haichaniki kama chupa, inavunjika vipande vyenye makali, na vinaruka. Juani inazidi kuwa kavu kama mfupa. Kipande kifupi cha kuingia shingoni nitakifumbia jicho. Kwingine kote hewa ipite kwenye bomba la mpira lililotengenezwa kwa ajili ya kompresa. Tangi la ziada hulihitaji kabisa, chupa yenyewe ndiyo tangi.

Siki na magadi badala ya pampu?

Hapana. Ukishachanganya huna geji, huna breki, na ikikwama huwezi kuitoa presha. Na wale mnaoniuliza kuhusu barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa), hilo ni bomu, sijibu zaidi.

Imekwama kwenye kirushio ikiwa imejaa. Nifanye nini?

Usiisogelee. Toa hewa ukiwa upande wa pampu, na kama hukuweka mahali pa kutolea hewa huko, ulikosea kabla hujaanza. Mpira uwe mrefu, kamba ya kufyatulia iwe mita 5 au zaidi. Mimi niliwahi kuinama kuchungulia ni kitu gani kimezuia. Ilikuwa na baa 2 tu. Ilichukua miwani na sehemu ya nyusi, na hadi leo upande mmoja umeota vibaya.

Baada ya kutua, chupa ina moshi mweupe ndani. Kuna kitu kimeungua?

Hakuna kilichoungua, umetengeneza wingu. Hewa iliyobanwa ikitanuka ghafla hupoa sana, na mvuke uliomo unageuka kuwa matone madogo mno. Mawingu ya angani yanazaliwa hivyohivyo, hewa yenye unyevu ikipanda na kutanuka. Swali zuri, kuliko yote ya presha.

Mwanangu anasema yake imefika mita 200. Nitamhakikishaje?

Shika saa. Hesabu sekunde tangu iondoke hadi igonge chini (bila mwavuli wa kushukia), zidisha idadi hiyo kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 1.2. Sekunde 6 ni mita 43 hivi. Mita 200 zinahitaji ikae hewani karibu sekunde 13. Mwambie arudie ukiwepo. Rekodi ya mita 830 iliyowekwa na timu ya Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2015 haikutumia chupa za soda, ilikuwa na mwili wa nyuzi za kaboni, kwa hiyo asiitumie kama ushahidi.

Mjomba, naweza kumpandisha panzi?

Swali hili limetoka kwa msomaji aliyejitambulisha kuwa ana miaka tisa, na nimelipigia hesabu. Chupa ya lita 2, mdomo wazi, baa 4: maji yote yanatoka ndani ya muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, yakisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 30. Mwanzoni abiria wako ataelemewa kwa zaidi ya mara 40 ya uzito wake, na maji yakikaribia kuisha itapita mara 100. Mwache panzi aruke kwa miguu yake. Weka udongo wa kufinyangia, ambao pua ya roketi yako inauhitaji hata hivyo, na kamba ya kufyatulia ivute wewe mwenyewe, mkubwa akiwa ameshika pampu.