Kuishi Des Moines: Ushauri kwa Anayefikiria Kuhamia Mji wa Wastani wa Marekani

Ndugu na marafiki wanaofikiria kuhamia Des Moines huniuliza kwanza habari za mshahara, nami huwajibu kwamba anayetafuta malipo makubwa ya saa huenda akayapata kwa urahisi zaidi Chicago au Minneapolis. Faida ya kuishi hapa iko kwingine. Kodi ya nyumba ni nafuu kuliko ya majiji hayo, foleni za magari ni fupi, na mtu aliyepanga mambo yake vizuri anaweza kutoka kazini saa kumi na moja jioni na kukikuta chakula nyumbani kingali cha moto. Mji huu humpa mtu muda. Kwa jinsi nilivyowaona watu wetu wakija na kukaa, wanaofanikiwa ni wale wanaoutumia muda huo kusoma, kulea watoto na kuzoeana na majirani, na wanaoumia ni wale wanaougeuza wote kuwa zamu za ziada, hata ikapita miaka bila wao kumjua mtu yeyote isipokuwa msimamizi wao wa kazi.

Des Moines ni makao makuu ya jimbo la Iowa, katika eneo ambalo Wamarekani huliita Magharibi ya Kati. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 214,133 ndani ya mipaka ya mji wenyewe, na ukijumlisha miji inayouzunguka, kama vile West Des Moines, Ankeny, Urbandale na Waukee, unapata watu wapatao laki saba. Barabara kuu mbili, ya 35 inayotoka kaskazini kwenda kusini na ya 80 inayotoka mashariki kwenda magharibi, hukutana hapa, na ndiyo maana maghala ya mizigo yamejaa pembezoni mwa mji. Katikati ya mji kuna kampuni za bima na za fedha, na upande wa mashariki wa mto kuna jengo la serikali ya jimbo lenye kuba lililopakwa dhahabu.

Mgeni anayezungumza Kiswahili hatakuwa peke yake. Wapo Wakongomani na Warundi wengi, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi za Kigoma, na Kiswahili chao utakisikia makanisani, misikitini na kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika. Mazoea ya jimbo hili ya kupokea wageni wa namna hiyo yana historia: mwaka 1975 gavana Robert Ray alikubali kuwapokea kwa pamoja wakimbizi wa jamii ya Tai Dam kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, wakati ambapo majimbo mengine yalisita. Siwezi kusema kwamba siasa za leo za Iowa zinafanana na za wakati ule, lakini makanisa na mashirika mengi ya hapa yanajua kazi ya kumpokea mgeni, na si aibu kuwaendea.

Wapo wanaoniuliza kama si afadhali kwenda moja kwa moja kwenye mji mdogo wenye kiwanda cha nyama, ambako kazi hupatikana haraka na kodi ni nafuu zaidi. Huwaomba waangalie yaliyotokea Perry, mji wa watu wapatao 8,000 ulio kaskazini-magharibi mwa Des Moines. Kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe kilichokuwa kikiubeba mji huo kilifungwa katikati ya mwaka 2024, na watu wapatao 1,300 wakapoteza kazi kwa mkupuo mmoja. Aliyekuwa amenunua nyumba pale alilazimika kuchagua kati ya kuiuza wakati ambapo wenzake nao wanauza na kuendesha gari mbali kila siku kutafuta riziki. Mji wa wastani una hospitali, ofisi za serikali, shule, maghala na nyumba za kutunzia wazee kwa wakati mmoja, kwa hiyo mlango mmoja ukifungwa unaweza kubisha hodi mwingine bila kuwahamisha watoto shule. Kwangu mimi hiyo ni sababu yenye uzito kuliko tofauti ya kodi.

Suala la gari halina mjadala. Mabasi yapo, tena ni safi na madereva wake ni wapole, lakini njia nyingi huenda hadi kituo kikuu cha katikati ya mji, na huduma hupungua sana usiku na siku za Jumapili. Wakati huohuo kazi za maghala ziko Ankeny, Grimes na Bondurant, mahali ambapo zamu huweza kuanza alfajiri au kumalizika usiku wa manane. Anayefika bila gari atafute kwanza chumba karibu na njia ya basi, kisha kazi ambayo basi hilo linaifikia, hata kama inalipa pungufu kidogo, badala ya kutegemea lifti ya mwenzake ambaye zamu yake inaweza kubadilishwa wakati wowote. Unapofika wakati wa kununua gari, uwe mwangalifu na wauzaji wanaokukopesha wao wenyewe papo hapo bila kuuliza historia yako ya mikopo, kwa kuwa riba yao huweza kulifanya gari bovu liwe ghali kuliko jipya. Chama cha akiba na mikopo mara nyingi hutoa masharti nafuu zaidi, na bima ya gari ihesabiwe tangu mwanzo kama sehemu ya bei.

Majira ya baridi yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo yanayowarudisha watu. Januari 2019 nyuzi joto zilishuka hadi zaidi ya 25 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na upepo ulizidisha makali yake hadi ngozi isiyofunikwa ikawa katika hatari ya kuganda kwa muda wa dakika chache. Baridi ya namna hiyo haiji kila mwaka, ila theluji na barafu huja, na kati ya hizo mbili barafu ndiyo ya kuogopwa: mvua inayoganda usiku huacha utando usioonekana barabarani, hasa juu ya madaraja, na gari lenye matairi yaliyolika halisimami hapo hata dereva akiwa hodari. Ndani ya gari weka koleo, kikwangulio cha kioo, blanketi, glavu za akiba na nyaya za kuamshia betri, na usiache tangi la mafuta likauke. Nguo zivaliwe tabaka juu ya tabaka, wala usinunue koti zito mtandaoni kabla ya kufika, kwa maana maduka ya mitumba ya hapa huuza makoti mazuri kwa bei ya chini. Mji unapotangaza amri ya theluji, magari yanatakiwa kuondolewa kwenye njia zilizotajwa, na linaloachwa huvutwa kwa gharama ya mwenyewe. Mpangaji wa nyumba asome mkataba wake aone ni nani anayewajibika kuondoa theluji kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu giza ni adui mkubwa kuliko baridi. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtu wa zamu ya mchana katika ghala lisilo na madirisha anaweza kumaliza wiki nzima ya kazi bila kuliona. Nilipokuwa nikifanya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, nilijilazimisha kuamka mapema alasiri na kutembea nje nusu saa, nikiwa nimejifunika hadi pua, na tofauti niliiona usingizini na katika hasira zangu. Mwulize daktari wako habari za vitamini D, kwa sababu ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza. Wanaofanya kazi katikati ya mji wana bahati ya madaraja ya ndani yanayounganisha majengo kwenye ghorofa ya pili kwa urefu wa karibu kilomita 6, na wanaweza kunyoosha miguu wakati wa chakula cha mchana bila kuvaa koti. Kiangazi nacho hulipa deni hilo lote, maana mwezi wa Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, na njia za baiskeli na za miguu zinazozunguka ziwa la Gray's Lake hujaa watu wa kila rangi.

Utasikia pia king'ora kikali mchana wa saa sita, Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Hayo ni majaribio ya king'ora cha kutahadharisha watu kuhusu kimbunga. Kikilia wakati mwingine wowote, hasa mbingu ikiwa imegeuka rangi kati ya Machi na Julai, shuka kwenye chumba cha chini ya ardhi au chumba cha ndani kisicho na madirisha, wala usitoke barazani kupiga picha kama wafanyavyo wenyeji. Kimbunga cha tarehe 5 Machi 2022 kiliua watu karibu na Winterset, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa.

Kuhusu kazi, wengi wetu huanzia kwenye maghala au kwenye nyumba za wazee, na hakuna ubaya wowote kubeba boksi kwa muda. Ubaya ni kutojipangia tarehe ya kuliweka chini. Kozi ya msaidizi wa wauguzi ina saa 75, na mara nyingi mwajiri huilipia. Kutoka hapo chuo cha jamii cha DMACC, chenye kampasi kuu Ankeny, kina madarasa ya uuguzi, ufundi na uhasibu ambayo mtu anayefanya kazi anaweza kuyafuata pole pole. Mwenye shahada ya nyumbani aitafutie tathmini mapema, na asikubali kuambiwa na wenzake wa ghalani kwamba vyeti vya kwetu havina maana huku. Ushauri ambao huwaudhi watu ni huu: usichukue kazi ya pili katika majira yako ya kwanza ya baridi. Fedha zitaongezeka kweli, lakini barabara zenye barafu, usingizi mfupi na lugha mpya vikikutana na saa 70 za kazi kwa wiki, mwili hushindwa, na mlango wa darasa haufikiwi tena.

Wenyeji ni watu wa salamu. Atakupungia mkono usiyemjua, na theluji ikianguka unaweza kuamka ukakuta jirani ameshausafisha ujia wako. Usidhani hata hivyo kwamba utakaribishwa ndani haraka, kwa kuwa wengi wamekulia hapa na marafiki zao ni wa tangu shule ya msingi. Wewe ndiye utakayeanza. Peleka maandazi kwa jirani, jitolee shuleni kwa watoto, nenda kwenye soko la wakulima la Jumamosi linalofanyika mtaa wa Court kuanzia Mei hadi Oktoba, na ukialikwa kwenye mlo ambao kila mtu huja na chakula alichopika, pika pilau. Watoto wako wajifunze kichekesho kimoja kwa ajili ya mwisho wa Oktoba, kwa sababu kwa desturi ya mji huu mtoto anayebisha hodi kuomba peremende hutakiwa kwanza kumchekesha mwenye nyumba.

Chakula hakisumbui. Inashangaza kidogo kwamba Iowa inaongoza nchi nzima kwa kilimo cha mahindi ilhali unga wa ugali utaununua kwenye duka la Mwafrika, kwa kuwa mahindi ya hapa ni ya njano na huishia kwa nguruwe na kwenye viwanda vya ethanoli. Mbuzi hupatikana, na anayetaka nyama halali atazipata bucha zake.

Kununua nyumba kuwe jambo la mwisho kuamuliwa. Panga kwanza kwa mwaka mmoja, ikiwezekana ukianza Aprili au Mei, ili ujifunze kuendesha gari kabla ya theluji na uone mtaa wako katika majira yote. Unapotaka kununua, uliza kama chumba cha chini kimewahi kuingia maji, na angalia umbali wa nyumba kutoka mito ya Des Moines na Raccoon, ambayo mafuriko yake ya Julai 1993 yalizamisha mitambo ya maji na kuwaacha wakazi wapatao 250,000 bila maji ya bomba kwa siku 12. Uliza pia kodi ya mwaka ambayo mwenye nyumba huilipa serikalini, ambayo katika Iowa hulipwa kwa awamu mbili, Septemba na Machi, na ambayo wauzaji wengi hawaitaji mpaka uwaulize.